Picha Tunazo, wa Kuzisoma Hatuna

Ingia nyumba yoyote ya Kiminini, kaunti ya Trans Nzoia, iliyowahi kuuguza mtu, uulize iliko bahasha ya hospitali. Utaonyeshwa. Iko juu ya kabati, au chini ya godoro, au imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango ili watoto wasiifikie. Ni bahasha kubwa ya kaki, pembe zimekunjika, jina la mgonjwa limeandikwa kwa kalamu ya buluu. Ndani mna picha ya kifua, ya nyonga, ya uti wa mgongo au ya kichwa. Tuliilipia. Tuliipakata kwenye bodaboda tukiifunika kwa koti mvua ya alasiri isiiloweshe. Wapo waliokwisha kufa, picha zao zimebaki. Na kati ya picha hizo zipo ambazo hadi leo hazijasomwa na daktari aliyesomea kuzisoma.

Hilo ndilo lalamiko letu, na tumeamua kulitoa kwa pamoja. Sisi ni wakulima wa mahindi wa Sikhendu na Nabiswa, walimu wa Waitaluk, wastaafu wa Sirende, akina mama wa sokoni Kiminini na vijana wa bodaboda wanaopanga pikipiki zao kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye. Kila mmoja wetu amelalamika peke yake, kwenye foleni, garini, matangani. Lalamiko la mtu mmoja huishia pale anaposhuka. Hili tunataka lifike.

Tuanze na yale tunayopitia. Kijana ameanguka na pikipiki usiku karibu na daraja. Anapelekwa katika hospitali ya umma, ambayo hatutaitaja kwa kuwa si moja tu yenye shida hii. Anapigwa picha ya kichwa. Mashine ipo na inafanya kazi, na aliyempiga picha ni mtu mpole anayeijua kazi yake. Baba anauliza, "Daktari, mtoto ana nini?" Anajibiwa kwamba ripoti bado, daktari wa picha hayupo, huenda ikapatikana kesho au kesho kutwa. Kijana anatapika, anasinzia, anaamka, anasinzia tena. Baba anakaa kwenye benchi hadi alfajiri. Jibu la swali lake limo ndani ya kompyuta chumba cha pili, na usiku ule hakuna wa kulitoa.

Mama ana uvimbe kwenye titi. Anauza mahindi aliyowawekea wanawe kwa ajili ya karo, anafanyiwa kipimo cha mamografia. Anapewa picha na kuambiwa atafute mahali pa kusomewa. Atafute wapi? Anapanda matatu hadi Kitale, kisha nyingine hadi Eldoret, karibu kilomita 70 kutoka Kitale. Huko anaambiwa picha haikupigwa inavyotakiwa, au imepitwa na wakati, arudie. Analipa mara ya pili. Mwili wake unapitishiwa mionzi mara ya pili. Hadi ajue kilichomo kifuani mwake, msimu wa palizi umekwisha na uvimbe umekua.

Mzee amepooza upande mmoja ghafla, mdomo umekwenda kando. Walio na elimu ya mambo haya wanatwambia kwamba ikiwa ni damu iliyoganda katika mshipa wa ubongo, ipo dawa ya kuiyeyusha, nayo hutakiwa kutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Lakini daktari hawezi kuitoa gizani, kwa maana ikiwa mshipa umepasuka, dawa hiyohiyo inaweza kumuua mgonjwa. Lazima kwanza skani ya CT ipigwe, isomwe, ithibitishwe kwamba ubongo hauvuji damu. Hapa Kiminini mtu akimaliza kutafuta gari, kufika mjini, kujisajili, kulipa na kusukumwa hadi kwenye mashine, saa hizo zimeliwa karibu zote. Zile chache zinazobaki zinapotelea kwenye kusubiri ripoti. Ndiyo maana wazee wetu hurudi nyumbani wakiwa na fimbo, au wakibebwa.

Na tunajua tunavyofanya wenyewe tukishindwa. Tunainua picha dirishani, jua liipitie, tunaipiga picha kwa simu na kumtumia mpwa anayesomea udaktari, au jirani ambaye binti yake ni muuguzi Nakuru. Anajibu kwa huruma: "Sioni vizuri, lakini nadhani..." Tunashikilia hiyo "nadhani" kama neno la mwisho. Kwa "nadhani" hiyo tumeuza ng'ombe, na kwa "nadhani" hiyo wengine wamebaki nyumbani wakidhani wamepona.

Tunataka jambo moja lieleweke, maana hata baadhi ya viongozi wetu hulichanganya. Anayepiga picha na anayeisoma ni watu wawili. Anayepiga, tunayemwita mtu wa eksirei, amesomea kazi hiyo, wengi wao katika vyuo vya mafunzo ya tiba vya KMTC. Ndiye hupanga mwili wa mgonjwa, hukadiria mionzi, hupata picha safi. Tunawashukuru, wengi wao hufanya kazi ya watu watatu. Anayesoma ni daktari wa radiolojia. Huyu kwanza alisomea udaktari miaka 6, akafanya kazi ya mafunzo mwaka mmoja, kisha akarudi chuoni miaka mingine karibu 4 kujifunza kuona katika kivuli kile cheusi na cheupe kitu ambacho macho ya wengine hupita. Mfupa uliovunjika vipande viwili, daktari wa kawaida anauona. Ufa mwembamba wa shingo, doa dogo la saratani nyuma ya moyo, damu kidogo chini ya fuvu, utumbo ulioanza kujisokota: hayo yanataka jicho lililofundishwa. Na daktari wa upasuaji hawezi kushika kisu kabla ya kujua anakata wapi.

Kwa hiyo tunapomlilia daktari wa radiolojia hatuombi anasa ya mjini. Bila yeye, daktari wa upasuaji, wa saratani, wa akina mama na wa watoto wote wanafanya kazi nusu. Wizara ya Afya ilipofanya utafiti wa kifua kikuu nchini, uliomalizika mwaka 2016, matokeo yalionyesha kwamba katika kila watu wazima 100,000, 558 walikuwa na ugonjwa huo, na miongoni mwao walikuwamo ambao hawakuwa na dalili yoyote. Picha ya kifua ndiyo iliyowafichua. Shirika la Afya Duniani, mwaka huohuo wa 2016, lilipendekeza kila mjamzito afanyiwe altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Picha ndiyo mlango wa matibabu ya siku hizi, na mlango huu kwetu umejengwa ukaachwa bila mwenye ufunguo.

Msije mkadhani hatukuletewa mashine. Tuliletewa. Mwezi Februari 2015 serikali ya kitaifa ilitia saini mikataba ya kukodisha vifaa vya hospitali kwa miaka 7. Hospitali 98 zilikuwa kwenye mpango: mbili katika kila kaunti, na nne za kitaifa. Katika vifaa hivyo zilikuwamo mashine za kisasa za eksirei, za altrasaundi na za mamografia. Tulishangilia. Tulidhani tabu imekwisha. Kaunti zilikatwa shilingi milioni 95 kila moja kwa mwaka kulipia kodi ya vifaa hivyo, na kufikia mwaka wa fedha wa 2018/19 makato yalikuwa yamefika milioni 200 kwa kila kaunti. Mwaka 2020 kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo ilitoa ripoti yake juu ya mpango huo, na moja ya yaliyobainika ni kwamba kuna hospitali ambazo vifaa vilikaa bure kwa kukosa watu wa kuvitumia, umeme, maji au chumba cha kuvisimamisha.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mashine ilikuwa ikilipiwa, iwe ilifanya kazi au ilifunikwa shuka. Kwa miaka ile yote hatukumsikia kiongozi aliyesema kwamba kabla ya kukodisha mashine, kwanza tumpate mtu. Fungu dogo tu la hizo milioni 200 lingewalipa madaktari kadhaa wa radiolojia mwaka mzima katika kaunti hii. Pesa zilikuwapo. Ziliwekwa kwenye chuma.

Hata majengo tunayo. Kitale tuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Wamalwa Kijana, iliyoanzishwa wakati wa gavana wetu wa kwanza, Patrick Khaemba, na ujenzi wake ukatuchukulia miaka mingi. Imepewa jina la Michael Wamalwa Kijana, mtoto wa huku kwetu, aliyekuwa mbunge wa Saboti zamani Kiminini ikiwa bado haijawa eneo bunge. Alikufa akiwa makamu wa rais, tarehe 23 Agosti 2003, akitibiwa London. Tunalikumbuka jambo hilo kwa uchungu, na hatumlaumu marehemu. Mgonjwa hutafuta uzima popote ulipo. Lakini hospitali inayobeba jina lake ingekuwa kumbukumbu kubwa kama mtu wa Kiminini hangelazimika kwenda hata Eldoret kujua kinachomuua.

Tuje kwenye matangazo ya kazi. Tumeyaona kwa miaka mingi, ya kaunti mbalimbali, kwenye magazeti na kwenye mbao za ofisi. Hospitali inapanuka, inatafuta wataalamu. Kwenye orodha utakuta madaktari, wauguzi, maafisa wa kliniki, na katikati mstari mmoja: daktari wa radiolojia, nafasi moja. Tarehe ya mwisho inapita. Nafasi za wauguzi zinajaa siku ya kwanza kwa kuwa watoto wetu wamejaa vijijini wakiwa na vyeti. Ile nafasi moja inabaki wazi. Mwaka unaofuata inatangazwa tena kwa maneno yaleyale.

Tulijiuliza kwa nini haji. Wengine wetu walisema madaktari wamekuwa wapenda pesa. Mwalimu mmoja mstaafu akatukataza kusema hivyo, akatuuliza swali: "Wewe ungekuja?" Tukanyamaza, tukaanza kufikiri.

Huyu daktari ni wa kutafutwa dunia nzima. Nchini Kenya wenzake wanahesabika kwa mamia tu, kati yetu watu milioni 50 na zaidi, na wengi wamejikusanya Nairobi na miji mingine mikubwa. Uingereza yenyewe, pamoja na utajiri wake, chama cha madaktari wa radiolojia cha huko kimekuwa kikitangaza kwamba wanapungukiwa na karibu asilimia 30 ya wataalamu wanaowahitaji, na wanawatafuta nje. Hospitali za kibinafsi za Nairobi na Eldoret zinamhitaji. Kisha sisi tunamwambia: njoo peke yako, kwa kandarasi ya muda mfupi, mshahara utakuja ukija, vyeo hupandishwa bajeti ikiruhusu, na picha za watu 990,341 wa Trans Nzoia waliohesabiwa mwaka 2019 zitakusubiri usiku na mchana.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Daktari mmoja wa radiolojia ataumwa, atafiwa, ataenda likizo, atalala. Akiona picha inayomtatiza hana mwenzake wa kumwambia, "Hebu nawe utazame." Usiku wa ajali ya matatu ataamshwa saa nane, na saa mbili asubuhi atatakiwa kazini. Akivumilia mwaka mmoja, wa pili ataondoka, nasi tutasema ametudharau. Nafasi moja katika tangazo ni kosa tangu siku inapoandikwa. Kazi hii ni ya kikosi.

Tena ameyaona yaliyowapata wenzake. Afya ilipohamishiwa kaunti mwaka 2013, madaktari wengi walilalamika kuhusu mishahara iliyochelewa na vyeo vilivyokwama. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulichukua siku 100. Ule wa mwaka 2024 ulichukua siku 56. Sisi ndio tuliokufa kwenye migomo hiyo. Wagonjwa wetu ndio waliorudishwa getini. Lakini sikiliza pia upande wa pili: mtu aliyesoma zaidi ya miaka 10 baada ya kidato cha nne, akaona mkataba wa malipo ya madaktari uliotiwa saini hautekelezwi, atakuja Kiminini kwa imani gani?

Ili kuziba pengo la wataalamu, mwaka 2018 serikali ilileta madaktari bingwa 100 kutoka Kuba, wakagawanywa katika kaunti. Tuliwapokea vizuri, na wapo waliotibiwa nao hadi leo wanawaombea. Mwaka 2023 mpango ule ukafungwa, na aliyetangaza kwamba hautaendelea alikuwa Waziri wa Afya wa wakati huo, Susan Nakhumicha, mwenyeji wa Trans Nzoia hii yetu. Wageni wakaenda zao. Miaka mitano ilikuwa imepita. Miaka mitano inatosha kumpeleka daktari wetu kijana chuoni, asomee radiolojia, arudi na kubaki na mwaka mmoja wa kazi juu yake. Kila kaunti ingekuwa na wake. Muda huo ulikuwapo.

Wapo wanaotuambia tusijisumbue, kwamba siku hizi picha hutumwa kwa intaneti, daktari akiwa Nairobi anaisoma na kurudisha ripoti. Ni kweli, na ni jambo jema. Afadhali ripoti ya mbali kuliko bahasha ya kaki ukutani. Lakini umeme wetu hukatika, mtandao hulegea, na malipo ya kila ripoti yakicheleweshwa na hospitali, ripoti nazo hucheleweshwa. Tena daktari wa mbali hawezi kuingia kwenye wadi akauliza mgonjwa anaumwa wapi, wala kushika kifaa cha altrasaundi na kuongoza sindano hadi kwenye uvimbe ili nyama itolewe ikapimwe. Hilo la mwisho hufanywa na mikono iliyopo. Nao wanaosema kompyuta zitasoma zenyewe, tunawajibu kwamba tumesikia: tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeruhusu programu za kompyuta zitumike kuchuja picha za vifua katika kutafuta kifua kikuu. Zitumike. Ila programu ikionyesha doa, bado atahitajika mtu wa kusema doa hilo ni nini na mgonjwa aende wapi.

Sasa tuseme lililo gumu zaidi, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Kila mwaka kaunti huita vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti. Ni haki yetu kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Tunapokwenda, tunaomba nini? Tunaomba zahanati mpya kila kijiji, barabara ya changarawe, lango la shule, taa ya soko. Tunaomba vinavyoonekana, kwa sababu vinavyoonekana ndivyo mwakilishi wetu atakavyopigia picha na kuandikia jina. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinua mkono chini ya hema la mkutano akasema: "Naomba mshahara wa daktari wa radiolojia." Mshahara hauna utepe wa kukatwa. Viongozi wetu wamejifunza kutokana na makofi yetu, na makofi tuliyapigia majengo.

Wakati huohuo, Katiba hiyohiyo katika Kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Jirani zetu wa Kamukuywa na Kimilili, ng'ambo ya mpaka wa Bungoma, wana haki ileile na shida ileile. Bungoma ilihesabiwa watu 1,670,570 mwaka 2019. Ukijumlisha na sisi, ni zaidi ya watu milioni 2.6 wanaoishi kando ya barabara moja, wanaooana, wanaouziana mahindi na kuzikana. Kaunti zote mbili ni wanachama wa jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za eneo la Ziwa. Kama kila moja peke yake imeshindwa kukusanya kikosi cha madaktari wa radiolojia, ni nini kinazuia kuajiri kikosi kimoja cha pamoja, watu watano au sita, wanaogawana zamu na kusomeana picha za Kitale, Webuye na Bungoma mjini? Wagonjwa wetu walivuka mpaka huo zamani. Uajiri nao uvuke.

Kwa hiyo, haya ndiyo tunayoyataka, na tunayasema kwa adabu lakini bila kumung'unya maneno.

Kwanza, Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti iache kutangaza nafasi moja. Itangaze kikosi, kazi iwe ya kudumu na yenye pensheni, na tangazo liseme wazi zamu ni ngapi, nyumba iko wapi na cheo kinapandaje. Mtaalamu anayetafutwa na hospitali kumi haji kwa tangazo linaloficha masharti.

Pili, wachaguliwe sasa madaktari vijana wanaofanya kazi katika kaunti hii, wapelekwe kusomea radiolojia kwa gharama ya umma, nao watie saini ya kurudi kututumikia kwa miaka itakayokubaliwa. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, hakiko mbali nasi, na hospitali ya rufaa ya hapo ndiyo hupokea wagonjwa wetu. Mwanafunzi atakuwa akizisoma picha za watu wetu hata kabla hajarudi. Mtoto wa Waitaluk ana sababu ya kubaki Waitaluk. Mama yake yuko hapa.

Tatu, kabla ya kukodisha au kununua mashine nyingine yoyote, hospitali ionyeshe hadharani nani ataiendesha na nani atasoma picha zake. Kama jibu halipo, mashine isubiri.

Nne, kila hospitali inayopiga picha ibandike mlangoni muda ambao ripoti hutolewa: ya dharura ndani ya saa ngapi, ya kawaida ndani ya siku ngapi. Nasi tutaweza kuuliza tukiwa na cha kushika.

Tano, mshahara wa daktari huyo ulipwe siku yake. Kumtafuta mtu kwa mwaka mzima, kisha ukamchosha kwa miezi mitatu bila malipo, ni kumfukuza kwa mkono uleule uliomwita.

Sisi nasi tuna sehemu yetu. Daktari huyu akija, tumpokee kama mtu wetu. Mwenye nyumba ya kupangisha asimpandishie kodi kwa kuwa ni daktari. Shule zetu ziwapokee watoto wake. Tusimfuate gizani tukamtaka atangulize picha ya ndugu yetu mbele ya foleni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa neno hilo ni la kweli kama lilivyotamkwa, maana huyu akija, wenyeji watapona.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kabla ya hapo utatangazwa mkutano wa maoni, pengine katika ukumbi wa karibu nawe, pengine chini ya hema uwanjani. Ndugu msomaji wa Kiminini, wa Kitale, wa Bungoma, usibaki shambani siku hiyo. Itoe bahasha yako ya kaki nyuma ya mlango, uende nayo. Wakikuuliza unataka mradi gani, iinue juu waione wote, uwaulize swali moja tu: nani atatusomea hii? Na usiketi mpaka wameliandika.